Waja leo, waondoka leo: nani atabaki na betri?

Hotuba hii niliitoa mjini Tanga mbele ya wenyeviti wa vitongoji, walimu wakuu, wauguzi na mafundi sola waliotoka Mkinga, Muheza, Pangani na Korogwe. Mvua iliwazuia wengi wa upande wa Amani, nao wameomba wapate maneno yote. Nayaweka kama nilivyoyasema. Picha tulizooneshana ukutani nimeziacha.

Waheshimiwa wenyeviti, walimu wangu, wauguzi, mafundi wenzangu, wazee wangu na mama zangu mliokaa mbele, shikamooni. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Najua wapo kati yenu waliotoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili kuwahi gari, na wapo waliovuka mto kwa miguu. Nawashukuru kwa hilo, na nitajitahidi maneno yangu yalingane na safari yenu.

Lipo neno ambalo mtu wa Tanga hukua nalo, hata likawa kama jina la pili la mji wetu: waja leo, waondoka leo. Mara nyingi tunalisema kwa furaha. Leo naomba niliseme kwa uchungu. Kwa miaka 22 kazi yangu imekuwa kufunga sola kwenye shule, zahanati, misikiti, makanisa na nyumba za watu katika mkoa huu, na katika miaka hiyo nimewaona wengi waliokuja leo na kuondoka leo: wafadhili, wakandarasi, watafiti wenye madodoso, na mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Paneli hupandishwa juu ya bati, utepe hukatwa, ngoma hupigwa, gari huondoka. Baada ya hapo, ndugu zangu, nani hubaki na betri?

Hilo ndilo swali langu la leo.

Nianze nyumbani. Nilizaliwa katika kitongoji kimoja cha Korogwe, si mbali na Hale. Wazee mliopo mnajua kwamba maji ya mto Pangani yalianza kuzalisha umeme tangu miaka ya 1930, na umeme ule ulikwenda kwenye mashamba ya mkonge na mijini. Mwaka 1964 ukaja mtambo wa Hale, megawati 21. Katikati ya miaka ya 1990 ukaja mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani, megawati 68. Nyaya kubwa zilipita juu ya shamba letu la mihogo. Usiku wa mvua tulizisikia zikivuma kama mzinga wa nyuki, na chini ya mvumo ule mimi na kaka yangu tulisoma kwa kibatari cha kopo la maziwa chenye utambi wa pamba. Asubuhi nikipenga kamasi, kitambaa kilikuwa cheusi. Mama alitukanya tusikae karibu na moshi ule, lakini ukisogea huoni herufi. Mtoto anayesoma kwa kibatari chini ya waya wa umeme, mnadhani anajifunza nini kuhusu nafasi yake katika nchi yake?

Sisemi haya kuibeza kazi iliyofanyika. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefanya jambo ambalo marehemu baba yangu asingeliamini: karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na mwananchi wa kijijini huunganishiwa kwa shilingi 27,000. Lakini kijiji ni nini? Kijiji cha Usambara ni vitongoji vinne, vitano au sita. Kimoja kiko kando ya barabara, kingine ng'ambo ya bonde, kingine juu ya kilima ambako pikipiki huishia nusu ya njia na mzigo ukabebwa kichwani. Nchi hii ina vitongoji 64,359. Ukimwuliza mwenyekiti wa kijiji kama ana umeme, atajibu ndiyo, naye amesema kweli. Ukimwuliza mwenyekiti wa kitongoji, atajibu hapana, naye amesema kweli vilevile. Wengi wenu mlioketi hapa ni watu wa jibu la pili.

Nguzo zikija, zipokeeni kwa mikono miwili. Zikichelewa, msikae gizani mkizisubiri. Wale wa milimani wenye vijito visivyokauka kiangazi wana utajiri wao, maana hata maporomoko madogo huweza kuzungusha mtambo mdogo wa kutosha kitongoji. Sisi wengine tuna jua. Kwa kila mita moja ya mraba, jua la nchi hii hutupa kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa siku, kutegemea mahali na msimu, na hata wakati wa masika, mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye migomba, halikosi kutoa chochote. Bei ya paneli nayo ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2020. Jua lipo. Paneli zipo. Kinachotushinda hakiko juu ya bati; kiko chini ya meza, ndani ya sanduku, mahali ambapo mgeni rasmi haoneshwi.

Sikilizeni kisa cha zahanati moja. Sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu na la wenzangu, si la wauguzi wake.

Kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia palibandikwa karatasi ya vitu ambavyo mama mjamzito huja navyo: beseni, khanga mbili, mpira wa kulalia, wembe, glavu, pamba, na mwisho kabisa, tochi yenye betri mpya. Irudieni orodha hiyo mioyoni mwenu. Mwanamke anakwenda kuzaa, na ameambiwa aje na mwanga wake.

Tulifunga paneli, betri moja kubwa na taa nane. Siku ya kukabidhi, muuguzi mkunga, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya neno tochi. Akapiga tena mara ya pili. Nimepata vyeti katika maisha yangu, lakini hakuna hata kimoja kinachofikia ule mstari wa kalamu nyekundu.

Miezi 14 baadaye nilipita pale nikielekea kijiji kingine. Karatasi ilikuwa ileile. Chini ya mstari mwekundu, mtu alikuwa ameandika upya, kwa kalamu ya bluu: tochi.

Nilikwenda kwenye sanduku la betri. Ilinibidi kulifungua kwa bisibisi, kwa kuwa kufuli lilikuwa limeliwa na kutu. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe, kama chumvi iliyokaukia kwenye mwamba. Nikafungua vifuniko vya maji nikamulika ndani kwa simu. Maji yalikuwa yameshuka chini kabisa, na sahani za ndani zilikuwa kavu, zimepinda. Nikapima, nikakuta volti 9. Betri ya volti 12 ikishuka ikakaa kwenye 9, hakuna fundi wa kuifufua.

Nini kiliiua? Tulikuwa tumepiga hesabu ya taa, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Betri ile ya asidi, ya ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo mkononi una wati-saa 600 tu. Taa nane za wati 5, zikiwaka saa sita, zinakula 240. Ilibaki akiba nzuri ya siku za mawingu. Lakini zahanati ile ilikuwa nyumba pekee yenye umeme katika vitongoji vitatu. Watu wakaleta simu zao, na nani atamkatalia jirani kuchaji simu? Ikaja televisheni wakati wa mashindano ya mpira. Ikaja redio kubwa ya harusi. Kontrola, kile kiboksi kinachoilinda betri, ikawa inakata umeme kila betri inapoishiwa, kama ilivyoundwa kufanya. Usiku mmoja ikakata mama akiwa kitandani anajifungua. Kijana mmoja mwerevu, kwa nia njema kabisa, akachukua kipande cha waya akairuka kontrola, taa zikawaka, mtoto akazaliwa salama. Waya ule haukuondolewa tena. Tangu usiku ule betri haikuwa na mlinzi.

Na yale maji? Betri ya aina ile hutaka kuongezewa maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa galoni kwenye vituo vya mafuta. Nani alimwambia muuguzi? Mimi. Nilimwambia mara moja tu, siku ya sherehe, ngoma ikipigwa, wageni wakisubiri pilau. Na fedha ya maji ilikuwa kwenye bajeti ya nani? Nilizunguka kuuliza. Kila nilipofika niliambiwa, kwa adabu, kwamba ile ni mali ya mwingine.

Paneli juu ya bati ilikuwa nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Ndugu zangu, sola ile haikufa kwa kukosa jua. Haikufa kwa kukosa fedha za kuinunua. Haikufa kwa ubaya wa mtu yeyote. Ilikufa kwa kukosa mwenyewe.

Mwezi Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaliunga mkono lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 wa bara hili ifikapo mwaka 2030. Nimelifurahia lengo hilo kwa dhati. Lakini nauliza, na naomba nanyi muulize popote mtakapopewa nafasi ya kusema: akina mama wa zahanati ile watakuwa katika hesabu ipi? Walihesabiwa siku ya utepe. Je, yupo aliyewaondoa siku neno tochi liliporudi ukutani? Tukihesabu siku ya kuwasha peke yake, tutafikisha hizo milioni 300 na bado wanawake watazaa kwa tochi. Mimi naomba hesabu ya mwaka wa tano. Mtu aje mwaka wa tano, usiku, bila taarifa, abonyeze swichi.

Sasa nitoke kwenye msiba nije kwenye heri, maana heri ipo nayo nimeiona. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wavuvi, kaskazini kidogo ya Pangani, iliyofungiwa sola ya ukubwa uleule, betri ya aina ileile, karibu mwaka uleule. Mwalimu mkuu wa pale alifanya jambo ambalo halikuwa katika mkataba wowote. Hakukataza watu kuchaji simu. Aliweka bei, shilingi 300, na akaweka saa: simu zitachajiwa mchana jua likiwaka, na jioni hakuna. Fedha ziliingia katika sanduku la kufuli tatu, kama lile la kikoba, na funguo zikakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Siku moja simu kumi, siku nyingine tatu, siku ya mvua hata moja isiwepo. Kila Ijumaa zilihesabiwa mbele ya wazazi.

Halafu akafanya la pili. Aliwapa watoto wa darasa la sita mita ya kupimia na daftari, akawaambia kila asubuhi wapime betri waandike. Likawa somo la hisabati. Daftari lile nimelishika kwa mikono yangu; kurasa zake zimevimba kwa unyevu wa bahari na jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Ukurasa mmoja umeandikwa hivi: "Leo mawingu. Volti 12.1. Tumezima taa ya ofisi." Mafundi wenzangu mnajua maana ya 12.1. Ndiyo nusu. Ndiyo mahali pa kusimama. Mtoto wa miaka 12 aliisimamisha betri pale ilipopaswa kusimama, na bila kumwomba mtu ruhusa akaizima taa ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Mwaka wa nne betri ilichoka, kama betri zote zinavyochoka. Wakafungua sanduku, wakanunua mpya kwa fedha taslimu, wakaifunga. Hawakumwandikia mfadhili barua. Nilipofika kuwatembelea hawakunisimulia hata kidogo. Niliona tu betri ina rangi tofauti. Kwao halikuwa jambo la kusimulia.

Je, kijiji kile ni tajiri kuliko kile cha zahanati? Hapana. Kina jua zaidi? Hapana, na hewa ya bahari ile inakula vyuma kuliko ya milimani. Tofauti ni sanduku, daftari, na watu watatu wenye funguo.

Nije kwa mafundi. Nilipoanza kufundisha mafundi wa vitongojini nilichagua vijana wa kiume waliomaliza kidato cha nne. Walikuwa wepesi, walishika haraka, na wengi wao walinizidi kwa ufundi wa mikono. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana 11. Baada ya miaka miwili tisa walikuwa Dar es Salaam. Siwalaumu, mwenye ujuzi hufuata soko, na kijana ana maisha ya kujenga. Lakini kitongoji kilirudi pale pale.

Huko India, katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, kipo chuo cha Barefoot kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha akina mama watu wazima, wengi wao wenye wajukuu, hata wasiojua kusoma, kutengeneza na kufunga vifaa vya sola. Wanawake wa nchi nyingi za Afrika wamepita pale, wakiwemo wa kwetu, na ng'ambo hapo Unguja, Kinyasini, kuna kituo kinachofuata njia hiyohiyo. Mimi nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza sikuamini. Nilikuwa nimesoma ufundi miaka mitatu, na nilidhani haiwezekani.

Nikajaribu na bibi mmoja wa Mkinga, mtunga shanga. Hajui kusoma. Nilimwonesha rezista, kile kidude kisichozidi punje ya mpunga, kinachozuia mkondo wa umeme, chenye mistari ya rangi inayosema kinazuia kiasi gani. Nikamwambia: nyeusi ni sifuri, kahawia ni moja, nyekundu ni mbili, rangi ya chungwa ni tatu, njano ni nne, nikaendelea mpaka nyeupe, tisa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba wake, akatafuta shanga, akatunga uzi mmoja wenye shanga kumi kwa mpangilio ule ule, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Tangu siku ile, akitaka kusoma rezista huigeuza kwenye mwanga, hutazama mkono wake, anasema namba. Hajawahi kukosea mbele yangu. Mimi na miaka yangu mitatu ya chuo nimewahi kukosea.

Leo bibi yule anatunza nyumba 34 zenye sola. Ana minazi yake pale, ana wajukuu wake pale, kaburi la mumewe liko pale. Haji leo akaondoka leo. Kila nyumba inamlipa shilingi 1,000 kwa mwezi, na hapa naomba wenyeviti mnisikie vizuri: msimfanye fundi wenu mtu wa kujitolea milele. Mtu wa kujitolea naye hushikwa na njaa. Anayezilinda taa za nyumba 34 lazima ale kutokana na taa hizo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Sote tumeizoea LUKU, kulipa umeme kadiri tunavyotumia, na sasa sola nazo zinauzwa kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Ni njia njema. Aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa kibaba anaweza kulipa kwa kibaba hichohicho mpaka mtambo uwe wake. Lakini ulizeni mambo matatu kabla ya kuweka dole gumba: jumla yote ni kiasi gani ukimaliza kulipa, ukiugua ukashindwa kulipa wiki tatu taa zitafungwa au utasubiriwa, na mtambo ukiharibika fundi atatoka wapi. Nimemwona mama muuza karanga aliyelipa mwaka mzima na nusu, akalazwa, akarudi nyumbani akakuta taa zimefungwa kutoka mbali. Alikaa gizani akiwa amekwisha kulipa sehemu kubwa ya bei. Na paneli za bei ya kutupa mnazoletewa na wachuuzi, zilizoandikwa wati 100, zipimwe juani mbele yenu kabla ya kulipa. Muuzaji mkweli hatakataa kupimiwa.

Lipo jambo moja linalonikosesha usingizi, nalo halisemwi kwenye sherehe yoyote. Betri hizi za asidi zina madini ya risasi ndani yake, na risasi hiyo ni sumu ya watoto. Inaingia mwilini kwa vumbi na kwa mikono, inakaa kwenye ubongo na mifupa. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa baada ya watu kuvunja betri kuukuu na kuchekecha udongo wake ili wapate risasi ya kuuza. Ule ni mji wa wavuvi kama sisi. Nami hapa pwani nimeiona sufuria ya kupikia ikiyeyushiwa risasi ya betri ili itengenezwe chubwi za mishipi, na mtoto mdogo amechutama kando anautazama moto. Nilimwaga kile chombo mwenyewe nikaonekana mkorofi. Nipo tayari kuonekana mkorofi tena. Wenyeviti, betri iliyokufa isitoke kwenye sanduku kwenda uani kwa mtu. Irudi kwa anayenunua kuukuu kwa ajili ya kiwanda, na fedha yake iingie kwenye lile sanduku la kufuli tatu. Na anayeweza kumudu, anunue betri za lithiamu. Ni ghali mwanzoni, lakini hazitaki maji, hazina risasi, na zinavumilia kushushwa zaidi ya nusu. Wauguzi nanyi, mkipewa nafasi ya kuchagua friji ya chanjo, ombeni ile inayoendeshwa na jua moja kwa moja. Mchana inagandisha barafu ndani ya kuta zake, usiku barafu inazilinda chanjo zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na betri ya kutunza haina.

Mama mmoja aliniuliza asubuhi pale mlangoni kama sola hii itampikia ugali. Nilimwahidi kumjibu mbele ya wote. Mama yangu, hii ndogo ya taa haitakupikia, na anayekwambia itakupikia anakudanganya. Moto wa kupikia unataka nguvu nyingi kuliko taa mara mia. Serikali imejiwekea mkakati kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na njia za kufika huko ni nyingi: gesi, umeme, majiko banifu, na kinyesi cha ng'ombe wako kwa wale wenye zizi. Pale Hale tulionesha njia tangu mwaka 2008, mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yalipoanza kuzalisha gesi na umeme. Na mkonge, mnajua, nyuzi zake hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya jani, kinachobaki chote kilikuwa uchafu. Lakini jiko ni hotuba nyingine, nami sitaki kuligusa kwa ncha ya kidole. Nakuomba tu usiache kuuliza, maana moshi ule ule ulioweka weusi kwenye kitambaa changu unakaa kwenye kifua chako mara tatu kwa siku.

Nimekaribia mwisho, na ninalo ombi. Nimekuja na daftari, lile lenye jalada jeusi mezani karibu na mlango. Silitaki kwa ajili ya kusaini posho. Kila mwenyekiti, mwalimu au muuguzi ambaye katika eneo lake kuna sola ya umma iliyokufa, ya shule, ya zahanati, ya kisima, ya msikiti au ya kanisa, namwomba kabla hajaondoka aandike mambo manne: iko wapi, ilifungwa mwaka gani, ilizimika mwaka gani, na nani ana ufunguo wa sanduku la betri. Kama hamjui nani ana ufunguo, andikeni hivyo hivyo, hatujui. Hilo nalo ni jibu.

Mafundi sita tuliopo hapa tumekubaliana kwamba tutazipitia moja baada ya nyingine, siku mbili kila wiki, bila malipo ya kupima. Hatutaleta betri. Tutakuja na mita, bisibisi na brashi ya kusugulia vichwa, na tutafungua sanduku mbele ya mkutano wa kitongoji ili kila mtu aone kilichomo. Mtakaotaka kuendelea baada ya hapo, mtatuonesha kwanza watu watatu wa kushika funguo na mama mmoja wa kufundishwa ambaye hana mpango wa kuhama.

Jumatatu tunaanza na upande wa Mkinga, tukitokea Maramba. Zahanati yangu ya kalamu nyekundu nimeiandika mwenyewe kwenye mstari wa kwanza.